Chunga Ulimi

Mama Poni, mwenzangu,

Habari ya huko? Hapa Lurujo sisi wote iko salama, na kabla sijasahau, ile maua yako imetoka. Nilitaka kuanza pole pole, nikusalimie kwanza kama mutu na heshima yake, lakini wewe unajua mdomo yangu, haiwezi kubeba habari mpaka mwisho ya barabara. Imetoka. Ni ya buluu. Nitafika huko.

Mimi niliacha shule P.4, darasa ya nne, kwa hivyo kama herufi ingine imelala, wewe isimamishe tu. Naandika na kalamu ya biki ya Poni, mtoto yako. Nimekaa kwa ile kiti yako ya kamba, mzee yetu iko nakoroma mchana kweupe, redio iko naongea peke yake. Kama mutu angeniambia zamani kwamba mimi, mke ya pili, nitakaa kwa kiti yako na roho safi, ningemwambia akapimwe malaria.

Habari ya kijiji kwanza, kwa sababu najua unataka, hata kama ulikuwa unajifanya hutaki. Mama Sande, jirani yako, amenunua nywele ya bandia, nyekundu kama nyanya. Siku ya kwanza alipita nayo hapa, mbuzi ilikata kamba. Kwaya imegawanyika mara mbili kwa sababu ya ngoma, sasa moja inaimba asubuhi, ingine mchana, na mchungaji anachoka mara mbili. Mtoto yangu Drani kule Onduparaka bado anafuata mpira kama mutu anadai deni. Alipiga kelele uwanjani mpaka sauti ikaisha, akanipigia simu anaongea kama mwizi, nikadhani ameingia taabu. Kumbe ni bao tu.

Unakumbuka siku mzee alinileta hapa mara ya kwanza, kabla sijarudi kukaa kwangu Arua? Kutoka Arua mpaka Koboko nilikuwa napanga matusi. Wewe Kakwa, mimi Mlugbara, nikajua tutatukanana kwa Kiswahili, kwa hivyo nilichagua ile kali nilisikia kwa askari. Nikashuka, nikakaza kitenge kwa kiuno, nikafungua mdomo. Wewe ukaniangalia, ukasema, "Umekula?" Basi. Matusi yote ikaanguka chini. Nilikula muhogo yako na asali, na mpaka leo sijapata nafasi ya kukutukana.

Na ile siku tuliiba asali ya mzee! Alikuwa ameweka ya kuuza, sisi tukakaa nyuma ya jikoni tunatafuna, tunatema nta kwa sketi yako. Alipouliza, wewe ukasema, "Nyuki ya mwaka hii inakula sana." Na uso kama mutu ya kanisa. Mimi nilicheka mpaka nikajikojolea kidogo. Sijawahi kumwambia mutu hii. Sasa nimekuambia, lakini wewe huwezi kuipeleka popote.

Haya. Sasa nikuambie mubaya, halafu tutacheka tena.

Ile siku ya mwisho kwa hospitali, mimi niliongea kama kawaida yangu. Niliogopa, na mimi nikiogopa naongea zaidi. Nikakuambia habari ya mama ya kitanda ya pili na bwana yake mbili, habari ya nesi na viatu yake, habari ya bei ya samaki. Wewe ukashika mkono yangu. Ukasema, chini chini kabisa, "Mama Drani. Chunga ulimi."

Hiyo ndiyo neno ya mwisho ulinipa. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Mwenzangu, iliniuma. Nikasema kwa roho: miaka yote hii nimemchekesha huyu mwanamke, nimemletea habari yote ya Arua bila kumuuzia, na sasa anakwenda, ananiambia nichunge ulimi! Kama mwalimu! Basi, nikachunga. Kwa matanga yako nilikaa kimya siku nne. Watu waliogopa. Shangazi ya mzee alisema, "Huyu Mlugbara amekuwa bubu, kilio imemkata koo." Dada yangu alikuja kutoka Arua, akaniwekea mkono kwa uso kuangalia kama iko homa.

Na kwa sababu mdomo ilikuwa imefungwa, mikono ikatafuta kazi.

Wewe unajua watu yetu. Mutu akifa wanalia na jicho moja, na ile ingine iko naangalia uwanja. Wakiona nyasi kidogo karibu na nyumba, wanasema marehemu alikuwa mvivu, alikuwa analala na nyoka. Mimi nikaangalia: kutoka jikoni mpaka kule kwa mizinga ya nyuki, majani imelala chini. Ndefu, pana, na manyoya yake, hakuna maua, hakuna matunda, imekaa tu. Nikasema hapana. Mwenzangu hawatamsema. Nikashika jembe. Nikaita wanawake yetu ya Arua, ile ilikuja kwa matanga, nao wakashika jembe. Kabla ya chai ilikuwa imeisha, tumechoma pamoja na takataka, uwanja iko nang'aa kama sahani. Ilibaki kidogo tu nyuma ya mizinga, kwa sababu nyuki ilianza kukasirika, Mama Sande akaumwa kwa sikio, tukakimbia.

Roho yangu ilisikia vizuri sana. Nilikuja kwa kaburi yako, udongo bado mubichi, nikakuambia, "Umeona? Hakuna mutu atakusema."

Siku ya tano watu wakaanza kurudi kwao. Poni, ambaye alikuwa ndani na shangazi yake siku yote hiyo, akatoka nje, akazunguka jikoni, akasimama. Akaniuliza, "Mama mdogo, ulimi ya mama iko wapi?"

Mimi nikadhani kilio imemgeuza kichwa. Nikamshika kwa bega, nikamwambia na huruma, "Mtoto yangu, ulimi ya mama imekwenda na mama."

Akaniangalia. Akasema, "Hapana. Ile majani. Ulimi ya ng'ombe."

Halafu akanieleza, mwenzangu, na kila neno ilikuwa kama fimbo. Kwamba ulikwenda mwenyewe mpaka kule kwa kilima ulikuwa unachunga ng'ombe ya baba yako ukiwa msichana, ukatafuta mbegu ya ile maua ya pori. Kwamba nyuki yako ilikuwa inahama kila mwaka, kwa sababu watu wamekata pori kwa makaa na tumbaku, na hakuna kitu ya kula. Kwamba hii kitu mwaka ya kwanza inakaa chini tu, majani kama ulimi, inatia mizizi. Mwaka ya pili ndiyo inasimama, inatoa maua, na nyuki inakuja. Ulipanda mvua ya kwanza. Ulihesabu mwaka ya kwanza mpaka karibu iishe. Na ukaipa jina ya Kiswahili kwa sababu yangu mimi, sababu mimi Kikakwa sijui, ila ya salamu na ya kula.

Poni akasema, "Mama alitaka kukuficha hii mpaka ichanue. Alisema, Mama Drani anafikiri ulimi ni ya kusema watu tu. Nitamwonyesha ulimi inatoa maua."

Mimi nikakaa chini, hapo hapo, kwa ile uwanja safi.

Chunga ulimi. Ulikuwa unanipa shamba, mimi nikasikia matusi.

Na sasa ngoja nikuambie kile nilifanya, usikasirike. Poni aliuliza, "Nani amekata?" Na mimi, mwanamke muzima, na meno yangu yote, nikasema, "Mbuzi."

Mbuzi, Mama Poni! Nilisema ya Mama Sande, ile moja yenye pembe imekatika. Poni alirudi Koboko kwa cherehani yake, na mimi nikabaki na uongo yangu.

Nilikwenda nyuma ya mizinga jioni, nyuki ikiwa imelala. Nikahesabu: kumi na moja. Kwa shamba nzima, kumi na moja. Nikajaribu pia kuchimba mizizi ile jembe ilikuwa imekata nusu, nikarudisha kwa udongo, nikamwagia maji. Haikutaka. Mizizi yake ni moja tu, inashuka ndefu kama karoti, ukiikata, imekwisha, haina roho ya pili. Nikasema basi, hii kumi na moja ndiyo mwenzangu amebaki. Nikamwambia Drani achukue meza yangu ya samaki kwa soko ya Arua kwa muda. Nilisema muda kidogo.

Halafu jua ikaja. Wewe unaijua ile jua ya hapa mwezi ya kwanza, hata kivuli inatafuta kivuli. Majani ilirudi nyuma, ikakuwa kidogo kama kiganja, halafu kama kidole, ingine ikakauka kabisa juu. Nilifunika na nyasi kavu. Niliimwagia maji ya kisima kwa kikombe, pole pole, kama mutu anampa mtoto dawa. Vijana walipoanza kuchoma pori kwa kuwinda panya, mimi na mzee tulifagia njia pana pande yote, yeye na mguu yake moja ya kuuma, anatukana moto kwa Kikakwa, mimi natukana kwa Kilugbara. Moto ilipita mbali. Nafikiri ilichanganyikiwa.

Lakini mzee alikuwa na shauri yake. Aliangalia ile vidole kavu, akasema, "Hii imekufa. Hapa nitatia muhogo." Sio mubaya, unamjua, na muhogo ni chakula. Lakini mimi nilipiga magoti kwa bwana yetu, kitu sijafanya hata siku ya kuolewa. Nikasema, "Mvua moja tu." Akasema, "Mvua moja. Ikipita bila maua, muhogo."

Mvua ikaja. Siku ya nne nikaenda nyuma ya mizinga, nikainua nyasi, na nikapiga vigelegele mpaka Mama Sande alikimbia na mwiko kwa mkono akidhani mutu amezaa. Majani mapya! Kwa tisa. Mbili zilikuwa zimekwenda, lakini tisa ilirudi, na katikati yake kitu ilikuwa inasukuma juu.

Tangu hapo Poni alikuwa anakuja kila Jumapili. Anakaa tu pale anaangalia. Na mimi nakaa kando yake na ile mbuzi kwa koo. Mwenzangu, mimi siri ya mutu kwangu inalala siku moja, kesho imekwenda sokoni. Hii ilikaa miezi tano. Nilikonda. Kitenge ile ya buluu ilianza kuzunguka kiuno.

Jumapili moja tulikuwa tunang'oa majani mabaya na mikono, kwa sababu jembe mimi sasa siiruhusu kupita pale hata kwa kusalimia. Nikamwambia. Nilitoa yote mara moja, bila kupumua: jembe, wanawake ya Arua, moto, hospitali, neno yako, vile nilisikia vibaya. Nililia mpaka kamasi. Nikangoja anitukane.

Poni akasema, "Mama mdogo. Mbuzi ya wapi inakata na jembe, halafu inachoma takataka?"

Alijua! Tangu siku ya tano alijua! Alianza kucheka, akaanguka kwa nyasi, anashika tumbo. Ana cheko yako, ile ya kimya, mabega tu. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nilijua kwa wewe haitafika wiki. Ikafika miezi tano, nikaanza kuogopa, nikasema labda mama mdogo iko mgonjwa." Na mimi nikacheka na kamasi yangu. Halafu tukalia kidogo, sisi wote, lakini ile kulia ya kupumzika. Na Mama Sande akaita kutoka kwake, "Ninyi mnacheka nini, mniambie!" Sijamwambia. Ya mbuzi yake anaijua sasa, alidai nimwombe radhi, nilimwomba. Mbuzi pia.

Na sasa maua.

Ilisimama mpaka hapa kwa kiuno yangu. Juu yake ilikuwa imejikunja kama mkia ya nge, na kila asubuhi inajifungua kidogo, na pale inafungua, maua inakaa kwa mstari. Kidogo, kidogo kama ushanga. Buluu, sio kama mbingu, zaidi. Nilipoona ya kwanza nilikuwa na uso bado haijanawa. Sikuita mutu. Wewe fikiri, mimi! Nilikaa chini. Nyuki moja ikaja, ikaingiza kichwa, ikatoka, ikaenda kwa ingine. Halafu ikaja mbili. Jua ilipopanda, nyuki nyingi ilikuwa inalia kama kanisa inaanza sala. Kwa mizinga yako, mbili ilikuwa tupu, sasa moja ina nyuki. Ya pili bado, lakini naona zinakuja kupeleleza, zinaingia, zinatoka, kama mutu anaangalia nyumba ya kupanga.

Mzee alikuja na fimbo yake. Nikangoja aseme ya muhogo. Akasema, "Muhogo inaweza kwenda kule kwa mawe." Halafu akapiga kikohozi, akageuka, akaniambia vumbi imeingia kwa macho. Ilikuwa imenyesha usiku ule, Mama Poni, vumbi ya wapi?

Nilidhani hapo ndiyo mwisho, mambo imekuwa muzuri. Wapi! Baada ya maua, kitu yote ikaanza kukauka. Kutoka chini kuja juu. Nikamwaga maji, nikatia mavi ya mbuzi, nikaomba. Mama Sande akaanza kusema pembeni kwamba mkono yangu ni ya moto, kila kitu nashika inakufa. Nilimtumia neno Poni, akaja mbio, akaangalia, akasema, "Hapana, mama mdogo, hiyo ndiyo maisha yake. Mwaka ya kukaa, mwaka ya maua, inatoa mbegu, inakwenda. Hujaiua."

Nilikasirika kidogo, hata na Mungu. Kukaa muda yote hiyo kwa jua, kwa ajili ya maua ya wiki chache tu! Nilikuja kwa kaburi yako nikakuuliza, hii ni biashara gani ulipanda? Ulinyamaza, kama kawaida yako.

Lakini siku ile nilikuwa nimevunja mabua kavu, nikaenda nayo kutupa, halafu nikaenda kutembea. Unajua kutembea yangu. Kwa Mama Sande, kwa mama ya kwaya ya asubuhi, kwa mama ya kwaya ya mchana nisikie upande yake, kwa kanisa, kwa njia ya kisima. Kila nyumba nikikaa, wananiambia, "Mama Drani, kitenge yako imejaa nini?" Ilikuwa mbegu. Hiyo mbegu ina meno, Mama Poni, inashika nguo haitoki. Wao wananisaidia kutoa moja moja, wanatupa nje, mimi naendelea kuongea. Sikufikiri kitu.

Mvua ya pili ikaja, na sasa iko kila mahali. Kwa njia ya choo ya Mama Sande. Kwa ngazi ya kanisa. Kwa uwanja ya mama ya kwaya yote mbili. Mahali nimeenda kusema watu, imeota. Ukitaka kujua mimi nilikuwa wapi mwezi ya nane, fuata majani. Mzee anaweza kunikamata kama polisi.

Na sasa nimepata kazi. Naenda nyumba kwa nyumba, nasimama uwanjani, nasema, "Hii usikate. Iko mwaka ya kukaa." Wananicheka, wanasema, "Ulimi amekuja na ulimi yake." Mwanamke moja, ile wa karibu na kisima, alisema uwanja yake itakuwa chafu, watu watamsema. Nikamwambia, "Mimi ndiye nasema watu hapa. Mimi sitakusema." Akaweka jembe chini.

Hapa kwetu, kwa ile mahali nililima na jembe, mimi na Poni tumetupa mbegu tena, kutoka jikoni mpaka kwa kaburi yako. Imeota nyingi, ndogo ndogo, imelala chini na manyoya yake. Mvua ya kwanza ya mwaka ujao tutatupa ingine, ili zisikae zote pamoja, ili kila mwaka zingine zikae na zingine zisimame, nyuki isikute meza tupu. Hiyo ni akili ya Poni. Mimi akili yangu ni kukaa nazo tu.

Kwa sababu jua inakuja tena, mwenzangu, na miezi mingi hapa itakuwa majani tupu. Hakuna kitu ya kuonyesha mutu. Drani amenipigia simu, anauliza, "Mama, unarudi lini? Meza yako inakungoja." Nikamwambia meza ni yake sasa. Akasema, "Yaani unabaki huko kuangalia majani?" Nikasema ndiyo. Naahidi wewe pia, mbele ya mzee huyu anayekoroma: nitafunika kwa nyasi, nitafagia njia ya moto, na kama moja itakauka nitalia kidogo, halafu nitaendelea. Na Poni nitamchunga, hata kama hataki, hata akinificha huyo kijana wa gereji ambaye anadhani mimi sijamwona.

Lala vizuri, Mama Poni. Godoro yangu inatoka Arua Jumatatu.

Mwenzako,
Mama Drani